Mabamba, Uganda: Kumtazama Korongo-nyangumi kwa Mtumbwi

Ghuba ya Mabamba, iliyoko ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, magharibi mwa Entebbe, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wageni wengi huifuata kwa ajili ya ndege mmoja tu, korongo-nyangumi, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Mimi pia nilimfuata yeye, na sikumkosa, lakini sifa ninazotaka kuzitoa hapa ni za waongozaji wanaotupeleka kwake.

Wengi wao wanatoka katika jamii za wavuvi wa ghuba hiyohiyo. Zamani wavuvi wa huko waliamini kwamba kukutana na korongo-nyangumi ni nuksi na kwamba siku hiyo nyavu zingerudi tupu, hivyo walimfukuza na hata kumwua. Leo ndege huyo huyo anawapa riziki, na ujuzi wao wa kuvua ndio unaoifanya huduma yao iwe bora. Mwongozaji wetu alizima injini kwenye mlango wa mfereji, akashika upondo na kuusukuma mtumbwi taratibu katikati ya mafunjo, huku akitueleza kwamba anatafuta maji ya kina kifupi ambako kamongo hupanda juu kuvuta pumzi, kwa kuwa samaki huyo hawezi kuishi bila hewa na ndipo korongo-nyangumi humvizia.

Tulimkuta hapohapo alipotarajiwa. Alisimama bila kutikisika, mdomo wake wa rangi ya majani makavu wenye mabaka ya kijivu na ncha iliyopinda kama kulabu ukiwa umelala kifuani, macho yake yakiwa yameelekezwa majini. Kisha alijitupa mbele mzima mzima, mabawa yamefunguka, akainuka na kinywa kilichojaa magugu. Aliyaachilia magugu kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, akabaki na samaki, akamkata kichwa kwa kingo zake kali kabla ya kummeza. Sijapata kuona uwindaji wa subira namna ile.

Wageni wa mtumbwi mwingine walitaka wasogezwe karibu zaidi kwa ajili ya picha. Mwongozaji wetu aliona ndege ameinua shingo, akaturudisha nyuma bila kuombwa. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwani Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili linakadiria kwamba duniani wamebaki korongo-nyangumi wakomavu kati ya 3,300 na 5,300 tu, na ingawa jike hutaga mayai zaidi ya moja, kwa kawaida kinda mmoja ndiye anayekua.

Ni makosa kugeuza mtumbwi mara baada ya hapo, kama wafanyavyo wengi. Sile-maua hutembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole vyake virefu, mdiria hupiga mbizi kutoka kwenye mabua ya mafunjo, na furukombe husikika kabla hajaonekana. Mbayuwayu buluu nao huja katika eneo hili katikati ya mwaka, baada ya kuzaliana sehemu kama nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, jambo ambalo Mtanzania mwenzangu atalifurahia.

Mtumbwi hauna kivuli na viti vyake ni vya mbao ngumu, basi kofia ya ukingo mpana na maji ya kunywa ni vya lazima, pamoja na darubini yako mwenyewe ukiwa nayo. Bei ikubaliwe kabla ya kuondoka gatini. Ninayempendekezea safari hii namsihi afike alfajiri, amwombe mwongozaji atumie upondo badala ya injini ndani ya mifereji, na amwambie mapema kwamba anataka kuwaona ndege wote, si yule mmoja tu.