Biopsi ya mgongo kwa CT skani: sindano safi, vikopo ndo tatizo

Nyota 3 kati ya 5. Zote ni za daktari na yule dada wa mashine, wengine hawana chao hapa. Jina la hospitali sitaji.

Bimkubwa kalalamika mgongo miezi na miezi tukajua uzee tu, MRI ikaja kuonyesha pingili mbili za kiunoni zimeliwa. Daktari akasema inaweza kua TB ya mifupa au kansa iliyohamia, kwa picha hawezi kuapa, lazima kitolewe kinyama kikapimwe, ndo biopsi yenyewe. Shangazi akawaka, msimguse na chuma, mkikichokoza kinasambaa! Nikampelekea daktari swali hilohilo, wala hakukunja uso, akasema njia ya sindano wanaipanga kwanza na daktari wa upasuaji, ili ikija kua kansa ya kukatwa basi na hiyo njia inakatwa humohumo. Shangazi akanyamaza. Kidogo.

Siku yenyewe nilikua nyuma ya kioo. Damu walishapima kama inaganda vizuri, na ile dawa yake ya kufanya damu iwe nyepesi walimsimamisha siku kadhaa kabla. Kalazwa kifudifudi kwenye mashine ya CT, picha, wakamchora alama mgongoni na kalamu, ganzi, sindano inaingia kidogo, wote wanatoka nje, picha tena, wanarudi wanasukuma tena kidogo, hivyo hivyo karibu dakika 40. Mama anasema kilichochoma ni ganzi, sindano ilipofika kwenye mfupa alisikia mgandamizo tu, kama jirani anapigilia msumari ukutani kwake. Vikatoka vipande vinne vyembamba kama tambi za futari. Akalala masaa matatu wanamwangalia, jioni tuko nyumbani anadai chai.

Sasa kero. Majibu tuliambiwa wiki, yakaja siku ya 19. Kumbe mfupa lazima ulainishwe kwanza kwenye asidi ndo ukatike, sawa, ila si mngesema mapema jamani, siku 19 hizo nyumba nzima hailali! Halafu ripoti inasema hamna kansa, dalili ni za TB, sampo ioteshwe, yaani mdudu wa TB akuzwe maabara, ijulikane kama dawa za kawaida zitamfaa. Itaoteshwa nini wakati vipande vyote vinne nesi alivitumbukiza kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze? Fomalini ikishagusa mdudu keshakufa, haoti tena. Cha kuotesha kinatakiwa kikopo kisafi chenye maji ya chumvi, hapohapo, kabla ya kingine chochote. Mama wa miaka 68 akarudi mezani kifudifudi, na malipo tukarudia.

Safari ya pili nilimsubiri daktari mlangoni kabla hajavaa glavu, nikamuuliza vikopo vingapi leo. Akacheka, akamwita nesi, vikaja viwili, na cha maji ya chumvi nikakipeleka maabara mwenyewe mkononi.