Sedgefield au Hartlepool: jimbo lipi linaeleza vyema anguko la ngome za chama cha Labour?

Swali hili hujirudia kila wafuatiliaji wa siasa za Uingereza wanapozungumzia kaskazini-mashariki. Majimbo haya mawili ya uchaguzi ni jirani, lakini kila moja lina simulizi lake.

Kwa majina makubwa, Sedgefield inaongoza: Tony Blair alikuwa mbunge wake kuanzia 1983 hadi 2007, na ni huko Trimdon, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, alikotangaza kwamba anaachia uwaziri mkuu. Hartlepool nayo ilikuwa na Peter Mandelson, mshirika wa karibu wa Blair, 1992 hadi 2004.

Kwa anguko lenyewe, naona Hartlepool ina mengi zaidi ya kueleza. Mwaka 2016 karibu asilimia 70 ya wapiga kura wake walitaka kutoka Umoja wa Ulaya. Mwaka 2019, Sedgefield ilipochukuliwa na chama cha Conservative, Hartlepool ilibaki kwa Labour kwa sababu Chama cha Brexit, kilichopigania kutoka Umoja wa Ulaya, kiligawanya kura za wapinzani wa Labour. Chama hicho kilipofifia, uchaguzi mdogo wa Mei 2021 uliwapa Conservative ushindi wa kura 6,940. Labour ilirudi 2024.

Kwa kufuatilia takwimu mpaka leo, Hartlepool bado ipo. Sedgefield ilifutwa kwenye ramani mpya ya majimbo ya 2024.

Ukitaka kuelewa Labour ya Blair na machozi ya vijiji vya migodi, anza Sedgefield. Ukifuatilia jinsi kura zinavyogawanyika na kuhama, nenda Hartlepool.