Mashine ya kukamua alizeti 6YL-95: kwa kijiji cha Singida au Dodoma, hii ndiyo saizi

Mkulima wa Iramba, Mkalama au Kondoa anayeuza alizeti mbichi shambani hana la kufanya bei ikianguka. Msimu wa 2023 ulilionyesha hilo waziwazi: mafuta ya nje yaliingia kwa ushuru mdogo, na gunia la alizeti likakosa thamani. Anayekamua kijijini anabaki na vitu viwili vya kuuza, mafuta na mashudu (makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua), na hakuna kinachomlazimisha kuuza vyote wiki ya mavuno. Kwa kazi hiyo tunaipendekeza 6YL-95 ya Kichina, ila kwa masharti.

Ndogo yake, 6YL-68, hukamua kama kilo 50 kwa saa, na foleni ya magunia mwezi wa sita itaishinda. Hii ya 95 hufanya kilo 150 hadi 200. Gunia la kilo 65 la alizeti ya aina ya Record hutoa lita 17 hadi 20; mbegu chotara nzuri huzidi hapo.

Sharti la kwanza ni umeme. Mota yake ni ya kilowati 7.5 hadi 11, nayo inataka umeme wa njia tatu (three-phase). REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imefikisha nguzo vijiji vingi, lakini laini nyingi za ndani ni za njia moja. Hakikisha TANESCO wamekujibu kuhusu eneo lako kabla hujalipia mashine, la sivyo utaishia kwenye injini ya dizeli na faida yote kwenda kwenye mafuta ya kuendeshea.

Sharti la pili ni ukavu wa mbegu, na hapa ndipo wengi huilaumu mashine bure. Unyevu unatakiwa uwe asilimia 6 hadi 8. Ponda mbegu kwa meno: ikivunjika kwa mlio, iko tayari, ikibonyea, irudishe juani. Mbegu mbichi hugeuka uji, huzunguka na shafti, na mafuta hayatoki. Iliyokauka kupita kiasi hutoka unga, na pipa la kukamulia huanza kutoa moshi. Pepeta na kuchekecha kila gunia pia, kwa sababu jiwe moja au msumari hupasua skrubu zinazogandamiza mbegu ndani ya pipa.

Asubuhi usimimine mbegu tupu kwenye mashine ya baridi. Changanya na mashudu ya jana, lisha kidogokidogo kwa dakika 15 hivi hadi pipa lipate moto, ndipo ubane nati ya mbele taratibu mpaka mashudu yatoke vipande vya unene wa milimita 1 hadi 2. Jioni malizia kwa mashudu makavu ili kusafisha ndani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, legeza nati na uzungushe puli kwa mkono kurudi nyuma mara moja. Ukisubiri, kilichomo ndani kinakuwa kama saruji na itabidi ufungue pipa zima.

Udhaifu wake mkubwa ni chuma. Skrubu za mwisho, zinazobeba mgandamizo wote, huisha kabla ya nyingine. Dalili ni mashudu mazito yanayoacha mafuta mkononi, na tope jingi kwenye mafuta. Fundi mzuri wa kuchomelea hujazia kwa welding ya chuma kigumu kisha akasaga, lakini nunua seti ya akiba siku ileile unayonunua mashine. Kuifuata Dar es Salaam katikati ya msimu ni kumpa jirani yako wateja wako.

Kichujio kinachokuja nayo hakitoshi. Tuliza mafuta siku 2 au 3 kwenye pipa lenye mfuniko, kisha uchuje kwa kitambaa. Tafadhali msiyaanike madumu juani kando ya barabara kuu: jua huyachachisha, na mteja aliyenunua mafuta yenye harufu hasimami tena hapo.

Kuhusu malipo, wakamuaji wengi humwachia mkulima mafuta na wao kubaki na mashudu. Kabla ya kukubali, pima: gunia moja huacha zaidi ya kilo 40, na wafugaji wa kuku na ng'ombe huyatafuta sana kiangazi. Mwezi ambao mashudu yana bei, mkulima alipe ukamuaji kwa fedha na aondoke nayo. Yapoe kwanza kabla ya kufungwa kwenye viroba, maana yakifungwa ya moto huota ukungu.