Uzoefu wangu na Maktaba ya Sauti ya YouTube

Mimi hurekodi na kuhariri video za harusi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nilipachika wimbo wowote uliokuwa ukivuma, nikamkabidhi mteja kazi yake kwenye flashi, na habari ikaishia hapo. Nilipoanza kupandisha vipande vya kazi hizo YouTube, video ya sendofu ilipata dai la hakimiliki siku ileile, ingawa wimbo wenyewe sikuuweka mimi: ulitoka kwenye spika za DJ bi harusi akiingia ukumbini, na kipaza sauti cha kamera kikaunasa.

Niliingiwa na hofu bure, kwa kuwa dai si onyo. Mfumo wa YouTube uitwao Content ID hulinganisha kila video na rekodi zilizosajiliwa na wenye mali, na mara nyingi mwenye wimbo huamua tu kwamba mapato ya matangazo yaende kwake. Onyo ni jambo zito zaidi, kwani ukipata matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa. Niliifuta video ile, nikaihariri upya kwa sauti ya vigelegele kutoka kipaza sauti cha pili, na chini yake nikaweka muziki kutoka Maktaba ya Sauti iliyomo ndani ya Studio ya YouTube, yaani ukurasa wa kusimamia chaneli yako.

Maktaba hii ni ya bure, na nimeridhika nayo. Unaweza kuchuja kwa mahadhi, hisia ya wimbo au urefu, na mimi nilipata gitaa tulivu la dakika mbili na ushee lililokaa vizuri kabisa na mwendo wa maharusi. Jambo la kuangalia ni safu ya leseni: vipande vingi havidai chochote, lakini vile vyenye leseni ya Creative Commons vinakutaka umtaje msanii, nawe unanakili maneno yaliyoandaliwa pale pale na kuyabandika kwenye maelezo ya video. Niliwahi kuyasahau, nikalazimika kurudi kuyaweka.

Kabla ya hapo nilijaribu huduma moja ya kulipia kila mwezi, ambayo sitaitaja. Muziki wake ulikuwa mzuri, ila leseni ilihusu video zilizopandishwa wakati usajili ungali hai. Nilipandisha moja siku mbili baada ya muda kwisha, dai likaja, na barua pepe yangu ya kuomba ufafanuzi haikujibiwa kwa wiki tatu.

Ikiwa mteja anang'ang'ania wimbo fulani wa Bongo Fleva, maktaba haiwezi kumsaidia. Hapo inahitajika ruhusa ya mtunzi na ya mwenye rekodi, ambao huenda wasiwe mtu mmoja, na kazi zao zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Yale mazungumzo ya vijiweni kwamba sekunde thelathini ni halali, au kwamba kuandika jina la msanii kunatosha, hayana msingi wowote. Nimefanikiwa mara moja tu, kupitia meneja wa msanii, kwa makubaliano ya maandishi na malipo ambayo mteja aliyabeba mwenyewe.

Siku hizi kipaza sauti cha pili nakiweka meza ya akina mama, mbali na spika za DJ.