Kupekua hati Nakuru: huduma nzuri, ila haitoshi

Kwa mgeni anayenunua nyumba Nakuru, Kenya, upekuzi wa hati (kukagua rekodi za umiliki) katika masjala ya ardhi ni lazima, ila watu huuamini kupita kiasi. Unatoa nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi). Matokeo yanaonyesha mwenye hati, ukubwa wa ploti, rehani na mazuio (pingamizi zilizosajiliwa dhidi ya ploti). Basi. Hayasemi kama bikoni, yaani alama za mipaka, zimesogezwa. Hiyo ni kazi ya sevea, mpima ardhi, aje na ramani. Wala hayataji floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, katika maji ya kisima (kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, pima kwanza) au nyufa za ardhi zinazofunguka baada ya mvua kubwa. Ushuru wa stempu, kodi ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, ni juu ya mnunuzi. Broka huusahau, ajabu.