Vita vya Hastings na bibi kutoka Tanga: nendeni asubuhi, vaeni buti

Niseme ukweli, sikwenda kwa hamu ya historia. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, watoto wamechoka kufungiwa ndani, na Oktoba hiyo baridi imeshaanza. Mume wangu ndiye aliyeona tangazo: igizo la Vita vya Hastings, kwenye abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, ya mji uitwao Battle, East Sussex, Uingereza, palepale walipopigana. Tukapanda treni stesheni ya Charing Cross, London, na baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi tukashuka. Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika kama 15. Mama na fimbo yake alitangulia mbele.

Vita vyenyewe ni alasiri, lakini msifanye kosa la kufika saa hiyo. Raha iko kambini asubuhi: mahema, moshi wa kuni, vyungu vinachemka, wanaume wananoa mapanga kama wako kwao. Wengi ni watu wenye kazi zao wanaofanya haya kwa mapenzi tu. Ukiwauliza swali moja wanakujibu kumi. Mmoja alikuwa anasuka deraya, lile vazi la chuma la vitani. Anachukua pete ya chuma, anaipitisha ndani ya nyingine nne, anaibana kwa koleo, anaanza tena. Mwanangu wa miaka 9, ambaye mezani hatulii dakika tano, alichuchumaa pale nusu saa nzima. Mwishowe akavishwa deraya iliyokamilika, mabega yakamshuka. "Mama, walikimbiaje na hii?"

Swali la haki. Jeshi la Harold, mfalme wa Uingereza, lilikuwa limetoka kupigana Stamford Bridge, karibu na York, tarehe 25 Septemba. Wakateremka kusini zaidi ya kilomita 300, na tarehe 14 Oktoba 1066 wako juu ya kilima hiki wanamsubiri William, mtawala wa Normandy, ng'ambo ya bahari, aliyekuja kuutwaa ufalme.

Siku ile walipigana tangu asubuhi mpaka jioni. Hapa mnaoneshwa kwa muda mfupi, na inatosha. Wasaksoni wa Harold juu na ukuta wao wa ngao, Wanormani wa William chini na farasi na wapiga mishale. Ngao zikigongana mlio wake ni mkavu, mzito, kama milango ya mtaa mzima imebamizwa pamoja. Kitinda mimba wangu alilia farasi walipopanda mbio, kisha akakataa kuondoka kwenye kamba. Wanormani walipojifanya wanakimbia, watoto wote walipiga kelele, "Msiwafuate!" Wakafuatwa, bila shaka. Harold hufa kila mwaka na watu bado wanamshangilia. Mama, shabiki wa Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, akasema yeye hali hiyo ameizoea.

Kisha akawageukia wajukuu: "Hawa Waingereza kwetu Tanga walikimbizwa na nyuki." Hawakumwamini, ikabidi nimsaidie. Novemba 1914 walishuka na jeshi la watu kama 8,000, wengi askari kutoka India, mbele yao watu kama 1,000 tu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki wakaingilia kati, wakiuma pande zote mbili. Mkubwa akafikiri kidogo, akauliza: wakiigiza hiyo, nani atacheza nyuki?

Sasa kero. Gari moja la chakula lilituweka foleni ndefu, na kwa sisi tusiokula nguruwe kilichobaki ni chipsi tu, nazo zimepoa. Ashukuriwe mama aliyepika chapati usiku. Nyasi zimeloa na uwanja una mteremko, kwa hiyo kigari cha mtoto kitawatesa, mbebeni mgongoni. Bebeni na kitu cha kukalia. Upepo nao ulikuwa unachukua nusu ya maneno ya mtangazaji, basi waelezeni watoto kisa mkiwa kwenye treni.

Vita vikiisha watu wengi hukimbilia getini. Nyinyi bakini. Abasia hii ilijengwa kwa amri ya William mwenyewe, na inasimuliwa kuwa madhabahu kuu iliwekwa pale Harold alipoanguka. Leo pana jiwe tu chini, na kimya. Mama alisimama hapo kitambo, midomo ikicheza. Sikumuuliza alikuwa anasoma nini.

Tangu turudi, pete za funguo zote za nyumba hazionekani. Najua ziko chumba gani.