Kabla hujalipia dimbwi la krosi kantri, ingia wewe kwanza

Kiwanja cha kwanza nyota 2 kati ya 5 (moja ni ya choo, kilikuwa kisafi kweli). Cha pili 4 na nusu.

Mimi ni saisi, nilianzia Karen, Nairobi, kuzoa mavi na kusugua farasi wa watu, sasa niko Uingereza huku Gloucestershire mwaka wa sita kwa bosi mmoja ambaye farasi wake wanaingia iventi, ule mchezo wa vipande vitatu, dresaji (farasi kuonesha hatua kwa amri), krosi kantri (mbio za nje za kuruka magogo na kuingia maji) na viunzi vya uwanjani. Kabla msimu haujaanza farasi lazima azoeshwe maji, na dimbwi si kitu cha kuchimba nyuma ya zizi Jumamosi moja, kwa hivo tunakodi kwa wenye viwanja, pauni 40 kwa farasi mmoja kwa saa moja hivi. Watu wanavisifia sana hivi viwanja kwa picha za droni, maji yanameta, bata wanaelea, sawa, lakini droni haioni chini na shida yote iko chini. Majina sitaji, sitaki kesi.

Cha kwanza tulienda mwezi wa tatu, saa kumi jioni, mimi, bosi na binti yake ambaye ndiye mpandaji, tumempakia Chausiku, jike letu jeusi la miaka saba, jina la makaratasi ni refu kama treni lakini mimi namwita hivo na anaitika. Getini kuzuri, parking kokoto safi, mama wa ofisini mchangamfu mpaka na chai akatupa. Dimbwi lenyewe liko chini ya miti mikubwa. Hapo ningesema kitu mapema, sikusema, kosa langu. Farasi akitoka kwenye jua akaingia kivulini macho yake yanachukua muda kuzoea kuliko yetu, na ile jioni upande mmoja maji yalikuwa yanarusha jua kama kioo na upande wa pili meusi tii. Yeye anaona ukuta wa mwanga halafu shimo.

Sasa mzee aliyenifundisha kazi kule Karen alikuwa na tabia moja, kila bwawa geni anaokota jiwe, ananiambia "mwanangu, tupa kwanza usikilize," maana jiwe likikutana na sakafu ngumu unasikia kitu na likiangukia tope husikii chochote. Siku ile sikutupa jiwe. Kulikuwa na chai.

Tulianza polepole, akaingia kwa kutembea pale ufukweni, akatoka, akaingia kwa troti, yaani mchakamchaka, poa kabisa. Halafu binti akamleta kwa kanta, mbio za taratibu, fupi ile ya kudunda kuja kwenye gogo dogo la kuingilia, sentimita sitini labda, si kitu. Chausiku akaruka vizuri. Akatua. Mguu wa kushoto ukaenda chini, ukaendelea kwenda chini, magoti yakapiga, pua ikazama mpaka kwenye macho, na binti akapita juu ya shingo kama gunia. Jaketi la hewa, lile la kinga linalojijaza kamba yake ya kwenye tandiko ikichomoka, likafumuka PAA, bata wote wakaruka, bosi akatoa neno ambalo siliandiki hapa. Binti akainuka analowa na kucheka cheka kwa mshtuko, jike akainuka anatetemeka, goti limechubuka, jicho limejaa mchanga. Namshukuru Mungu hakumwangukia.

Nikavua koti nikaingia na mpini wangu wa ufagio. Huo mpini nauweka kwenye lori siku zote, nimeuzungushia tepu nyekundu kwenye sentimita 35, kwa sababu sheria za FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, zinasema maji ya krosi kantri yasizidi hapo. Ukingoni nikapata 30. Hatua mbili mbele ya gogo nikapata 48, na mpini ukaendelea kuzama kidogo nikiusukuma. Shimo! Kila farasi anatua palepale, kwato zinatupa mchanga na kokoto pembeni, wiki baada ya wiki, juu maji yametulia hujui lolote. Nikamfuata mwenye kiwanja nikamwonesha tepu imezama, akaniambia maji ni maji, farasi wakubwa wanapita hapa kila wiki. Na ni kweli kiwanja cha mazoezi si mashindano, hakuna afisa wa FEI atakuja kumpimia, ndo maana nakuambia ingia mwenyewe.

Kwa wasioelewa kwa nini sentimita 13 zinaleta balaa: farasi akitua majini, maji yanashika miguu ya mbele wakati kilo mia tano za mwili bado zinakwenda, kwa hivo hata dimbwi zuri linamvuta kichwa chini kidogo, na ndio sababu mpandaji anatakiwa akae nyuma, miguu mbele, aachie hatamu ziteleze kwenye vidole ili mnyama apate shingo yake ya kujibalansi. Yote hayo anayafanya akiamini sakafu iko pale anapoitegemea. Ikiwa haiko, hesabu yote ya mnyama imeharibika na hana muda wa kuanza nyingine. Si jambo geni, kwenye Olimpiki ya Berlin 1936 kiunzi cha nne kilikuwa bwawa, kati ya farasi 46 walioliruka 18 walianguka na wengine 10 wakawamwaga wapandaji, na Slippery Slim wa Marekani akavunjika mguu ikabidi auawe. Karibu miaka tisini, na bado mtu ananiambia maji ni maji.

Na kilichonichefua zaidi, katikati ya dimbwi kuna gogo la pili limefungwa kwa bolti za chuma, gumu kama reli. Farasi analifikia hilo la pili macho yana maji, miguu mizito, akiligonga juu ya goti halitoki, anazunguka yeye kichwa chini miguu juu na mpandaji yuko chini yake. Huko ndiko watu wanakufia, bana. Mwaka 1999 peke yake Uingereza ilizika wapandaji watano wa iventi, na ni baada ya hapo mambo ya pini na klipu za kuachia kiunzi kikigongwa yakaanza kufanyiwa kazi kwa nguvu.

Walirudisha pauni 20. Nyota mbili.

Cha pili tulienda wiki tatu baadaye goti limepona, na nilienda na moyo mdogo. Barabara mbovu, lori lilikwama getini, choo ni kile cha plastiki, mbwa wao anabweka kama amelipwa. Lakini dimbwi liko wazi, hakuna mti, na kijana wao alikuwa tayari ndani na gambuti anavuta reki, anarudisha mchanga mbele ya gogo, nikadhani ametuona tunakuja akajifanya, kumbe hapana, kila baada ya kundi moja anaingia. Nikamuuliza chini kuna nini, akanieleza bila kuzunguka: mawe ya chokaa yamesagwa na kushindiliwa, kitambaa kigumu, halafu mchanga juu. Nikapima kila hatua, 25, 26, 25, 28. Jiwe nikatupa pia, alinicheka, lakini likagonga.

Viunzi vya kuingilia viko vinne kwa ukubwa, kuanzia ufukwe mtupu wa kutembea tu, na kule kutokea kuna reli yenye klipu za MIM, zile za Kiswidi, ikigongwa kwa nguvu inaachia na kushuka badala ya kumpindua farasi. Kwenye mashindano ukiiangusha unakula pointi 11 za adhabu, wapandaji wanalia sana kuhusu hizo 11, mimi nikiangalia naona bei poa.

Chausiku alikataa mara mbili. Akasimama ukingoni, pua chini, anakoroma, mimi nikaingia nikasimama katikati ya maji na ndoo ya chakula kama mganga, dakika kumi na mbili nzima, hatimaye akaweka mguu mmoja. Saa yetu ikaisha, kijana akasema malizeni tu hakuna mtu baada yenu. Hakutudai hata senti. Mwisho akaruka gogo lilelile la sentimita sitini mara tatu na masikio mbele.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu hakuna pa kuoshea miguu, na hili ni muhimu, buti za kinga za farasi zile za neopreni, kama sponji, zikishiba maji zinakuwa nzito na mchanga unajikusanya ndani unamsugua kisigino, sasa nikamvua palepale kwenye matope na kumwagia maji ya kunywa ya chupa. Wabebe maji yao wenyewe wanaokwenda. Jaketi la hewa nalo, binti alishuka akasahau kuchomoa kamba kwenye tandiko, PAA tena, mtungi wa gesi pauni ishirini na kitu umeenda bure, hiyo si kosa la kiwanja.

Tumebuki tena Jumanne. Gambuti za kuazima wanazo ila mwisho ni saizi 9, mimi navaa 11, siku ile niliingia na raba.